MoCA, FAB au njiti za kiberiti? Mapitio ya vipimo vya ubongo kwa matumizi ya Dodoma

Kipimo cha ubongo kinachofanya kazi vizuri Montreal kinaweza kuharibika kikifika Chamwino kwa sababu moja: badala ya kupima ubongo, kinapima shule. Hicho ndicho kigezo kikuu cha mapitio haya. Yameandikwa kwa ajili ya wanaopima watu kweli: muuguzi wa kliniki ya wazee, tabibu wa kliniki ya VVU au ya kifafa, mwanafunzi wa UDOM anayekusanya data Bahi au Mpwapwa, na yeyote anayeandika rufaa kwenda hospitali ya magonjwa ya akili ya Mirembe na anataka barua yake iwe na kitu cha maana ndani.

Tunachokitafuta si kumbukumbu peke yake. Ni uwezo wa ubongo kujiongoza: kujizuia kufanya la kwanza linalokujia, kushika jambo kichwani huku ukilifanyia kazi, na kuhama kutoka kanuni moja kwenda nyingine bila kuing'ang'ania ya zamani. Makundi hayo matatu ndiyo ambayo Akira Miyake na wenzake waliyatenganisha mwaka 2000, na mpaka leo tafiti nyingi zinayafuata. Uwezo huu hupanda kwa kasi kati ya miaka 3 na 5, huendelea kukomaa mpaka mtu anapita miaka 20 na kitu, kisha hushuka polepole uzeeni. Katikati hapo unaweza kuguswa na kiharusi, VVU, kifafa, skizofrenia, sonona, selimundu, presha na kisukari cha muda mrefu. Malaria ya ubongo nayo imo: utafiti wa Uganda uliochapishwa mwaka 2008 ulikuta kwamba miaka miwili baada ya kuugua, takriban mtoto mmoja kati ya wanne alikuwa na upungufu wa kiakili.

Mtu wa namna hii nyumbani huonekana mzima. Anakumbuka majina ya wajukuu wote, anasalimia vizuri, anasimulia ya zamani. Ila dawa za asubuhi anazimeza mara mbili, anaacha ugali jikoni akiwa anatafuta mwiko, na akishaanza jambo hawezi kuliacha hata hali ikibadilika. Kipimo kinachouliza tarehe na maneno ya kukumbuka tu kitamwambia yuko sawa.

Tuanze na MoCA, kile kipimo cha Montreal, maana ndiyo kila mtu anaitaja. Ziad Nasreddine na wenzake waliichapisha mwaka 2005. Ina alama 30, huchukua kama dakika 10, na 26 kwenda juu huhesabiwa kuwa kawaida. Aliyesoma miaka 12 au pungufu anaongezewa alama 1. Hiyo alama moja ndiyo kasoro yake kubwa hapa kwetu: aliyemaliza kidato cha nne, aliyeishia la saba na ambaye hakukanyaga darasa kabisa wote wanafidiwa sawasawa. Halafu sehemu ya kujiongoza imebebwa na penseli. Unaunganisha 1 na A, A na 2, 2 na B, mpaka E, unanakili mchemraba, unachora saa. Bibi wa miaka 75 ambaye hajawahi kushika penseli akishindwa mchemraba, hujajua lolote kuhusu ubongo wake. Umejua tu kwamba hakusoma, na hilo ungeweza kumuuliza.

Saa nayo ina mtego wa pekee. Maelekezo ya asili yanataka mishale ionyeshe 11:10, na namba hiyo haikuchaguliwa ovyo: asiyeweza kujizuia husikia "kumi" na kupeleka mshale kwenye 10 badala ya 2. Kwa saa zetu hiyo ni saa tano na dakika kumi. Sasa mtu anatakiwa ageuze tano kuwa 11 na pia ageuze kumi kuwa 2, yaani mitego miwili badala ya mmoja. Mbaya zaidi, mpimaji akitafsiri namba kama zilivyo akasema "saa kumi na moja na dakika kumi", mzee atachora mshale mfupi kwenye 5, sahihi kabisa, na fomu itasema amekosea. Timu iamue kabla ya siku ya kwanza itatamka nini, iandike kwenye fomu, na iandike pia mshale mfupi uliochorwa kwenye 5 baada ya kuambiwa "saa tano" utahesabiwaje. Usiliache kwa kila mpimaji kuamua lake.

Sehemu ya kutaja maneno yanayoanza na herufi fulani ndani ya dakika 1 nayo inahitaji tahadhari. Ukichagua K kwa Kiswahili umeua kipimo: kula, kulala, kukimbia, kuamka, mtu anateremka na vitenzi mpaka dakika inaisha bila ubongo kutoka jasho. M nayo inamwaga watu na miti. F inafaa, S inafaa zaidi. Weka kanuni mapema kwamba umoja na wingi wa neno lilelile unahesabiwa mara moja, na majina ya watu na ya mahali hayahesabiwi.

MoCA ina masharti ya mafunzo na cheti cha kulipia kabla ya kuitumia, kwa hiyo iingize kwenye bajeti. Kwa mstaafu wa ofisi anayeishi Area C au mwalimu aliyepata kiharusi, ni kipimo kizuri, tunakipa 4 kati ya 5. Kwa kijijini, 2.

Nduguye, MoCA-B, ilichapishwa mwaka 2015 kwa ajili ya wasiosoma na wenye elimu ndogo, na ni ajabu kwamba haitajwi sana. Herufi zimeondolewa, mtu anaunganisha namba na idadi ya vitone. Badala ya maneno ya herufi F anataja matunda. Na badala ya kutoa saba saba kutoka 100, anaulizwa njia tatu za kulipia kitu kwa kiasi kamili bila chenji. Hilo la malipo linahamia Dodoma bila kuvunjika: kitu cha shilingi 13,000, noti za 1,000, 5,000 na 10,000 tu. Kumi moja na tatu za elfu. Tano mbili na tatu za elfu. Tano moja na nane za elfu. Au elfu kumi na tatu. Anayeuza nyanya Majengo atajibu kabla hujamaliza kuuliza, ikiwa ubongo wake uko sawa. Akitoa njia moja kisha akairudia hiyohiyo mara tatu huku ukimwambia "nyingine", hapo ndipo umeona kung'ang'ania kwa macho yako. 4 kati ya 5, na ingekuwa zaidi kama isingehitaji macho mazuri kwenye picha zinazopishana.

IDEA ndiyo ya hapa nyumbani. Ilitengenezwa na kujaribiwa wilayani Hai, Kilimanjaro, na ikachapishwa mwaka 2014, baada ya utafiti wa wilaya hiyohiyo kukuta shida ya akili ya uzeeni kwa asilimia 6.4 ya watu wa miaka 70 na zaidi. Haina kuandika wala kusoma. Jumla ni alama 15, na 7 kushuka chini huashiria uwezekano mkubwa wa shida ya akili. Ndani yake mna mwelekeo wa siku, jina la kiongozi wa kijiji, swali la daraja ni nini, wanyama kwa dakika 1, maneno 10 ya kukumbuka baadaye, na mchoro wa njiti nne za kiberiti.

Njiti ndizo uzuri wa kipimo hiki. Wazo la kujenga umbo kwa njiti lilitumika Ibadan, Nigeria, mwaka 2005, kwa sababu ileile: penseli inawaonea wasiosoma. Mpimaji anapanga njiti zake nne, anampa mzee nne, naye anatengeneza umbo lilelile huku la mfano likiwa bado mbele yake. Angalia umbo, kisha angalia kichwa cha kila njiti kimeelekea wapi. Kinachoharibu ni vitu vidogo. Njiti zikipangwa juu ya kanga yenye maua au mkeka wenye mistari, jicho lenye mtoto wa jicho haliwezi kuzitenga. Tandika kitambaa cheusi kisicho na mchoro. Njiti iliyovunjika au iliyopoteza kichwa itupwe, maana nusu ya swali imo kichwani mwake. Mpangie akiwa amekaa upande mmoja na wewe: mkikaa uso kwa uso, yeye analiona umbo likiwa limepinduliwa, na hutajua alikosea au alilinakili kama ulivyoliona wewe. Na upepo wa Dodoma wa mwezi wa nane hauhitaji maelezo, ingieni ndani.

Swali la wanyama lina la kwetu pia. Mfugaji wa Kigogo ataanza na ng'ombe, aende fahali, mtamba, ndama, beberu, mbuzi, mwanambuzi, na dakika inaisha zizini. Je, ni wanyama saba au wawili? Kanuni ya kawaida ni kuhesabu kila jina tofauti na kukataa marudio tu, lakini ukiichagua, ichague kwa wote. Andika majina yenyewe kwa mpangilio aliyoyataja, kwa vipande vya sekunde 15. Asiye na tatizo huanza kwa kasi, hukauka, kisha huhamia kundi jingine: kutoka zizini anakwenda porini kwa fisi na tembo, kisha kwa ndege. Asiyeweza kuhama hubaki zizini. Idadi peke yake haikuonyeshi hilo.

Kwa daraja, jibu la "pa kupitia korongo likijaa" ni sahihi kabisa. Mito yetu mingi ni mchanga mtupu sehemu kubwa ya mwaka, na mpimaji kutoka mjini asingoje neno "maji" ndipo atoe alama.

IDEA tunaipa 5 kati ya 5 kwa kuchuja wazee kijijini, na 2 tu kama lengo lako ni uwezo wa kujiongoza. Ukiondoa wanyama, na kidogo daraja, hakuna kinachogusa kujizuia wala kuhama kanuni. Watu wanaitumia kwa kazi ambayo haikutumwa.

Kazi hiyo ni ya FAB, kipimo cha sehemu ya mbele ya ubongo. Bruno Dubois na wenzake waliitoa mwaka 2000. Ina sehemu sita, kila moja alama 0 hadi 3, jumla 18, dakika kama 10, na karibu haina vifaa. Kwanza kufananisha vitu: ndizi na chungwa, meza na kiti, maua matatu. Maua ya asili ni ya Ulaya. Badilisha yawe yanayojulikana, ila yabaki matatu. "Yote yana ganda" si jibu. "Ni matunda" ndilo jibu. Pili maneno ya herufi S kwa dakika 1: zaidi ya 9 ni alama 3, 6 hadi 9 ni 2, 3 hadi 5 ni 1. Kwa asiyejua herufi sehemu hii haipimiki, basi ripoti alama kati ya 15 na useme hivyo wazi, kuliko kumpa sifuri.

Tatu ni mkono: ngumi, ubavu wa kiganja, kiganja bapa, juu ya meza au paja. Mpimaji anaonyesha mara tatu kwa mkono wake wa kushoto, wanafanya pamoja mara tatu, kisha mgonjwa anaendelea peke yake. Mizunguko sita mfululizo bila kosa ni alama 3, angalau mitatu ni 2. Kosa la wapimaji wengi ni kuhesabu kwa sauti au kusema "ngumi, ubavu, bapa" wakati mgonjwa anafanya. Hapo mdomo wako ndio unaomwongoza, na kipimo kimekwisha.

Nne: nikigonga mara moja, wewe gonga mara mbili, nikigonga mara mbili, gonga mara moja. Mpangilio ni 1-1-2-1-2-2-2-1-1-2. Tano, kanuni inageuka: nikigonga mara moja, gonga mara moja; nikigonga mara mbili, usigonge. Bila kosa ni 3, makosa 1 au 2 ni 2, zaidi ya hapo ni 1, na akikuiga mara nne mfululizo ni 0. Hizi mbili ndizo roho ya FAB. Ya nne inajenga mazoea na ya tano inadai uyavunje papo hapo. Zisibadilishwe mpangilio, zisitenganishwe na mapumziko ya chai. Gonga chini ya meza au kwa kalamu, ili asikie sauti asiige mkono wako.

Ya sita inatuletea shida. Mgonjwa ameweka viganja wazi juu ya magoti. Mpimaji anasogeza mikono yake na kugusa viganja hivyo bila kusema neno. Akishika, amepoteza alama, kwa sababu kwa mgonjwa wa sehemu ya mbele ya ubongo kushika ni kitendo kisichozuilika. Lakini mzee wa Kondoa akiletewa mikono atashika, kwa sababu amepewa mkono. Ni adabu. Basi salamu iishe kabisa kabla ya kuanza, shikamoo na mkono vyote, kisha mwambie mapema: "Babu, sasa nitakugusa viganja, ni sehemu ya zoezi." Akishika mara ya kwanza, mwambie asishike, rudia, na uzito upe lile jaribio la pili. Tofauti ya mtu mwenye adabu na mgonjwa huonekana hapo bila utata. Kwa sababu ya sehemu hii na ya herufi, FAB ni 4 kati ya 5, na ndiyo ya kwanza kuibeba kama swali lako ni kujiongoza.

Kwa kliniki ya VVU kuna IHDS, kipimo cha kuchuja shida ya akili inayoletwa na VVU, cha mwaka 2005, kilichojaribiwa Baltimore na Kampala. Kugonga vidole sekunde 5, mfululizo wa mkono sekunde 10, maneno manne ya kukumbuka. Jumla 12, na 10 kushuka chini huhitaji uchunguzi zaidi. Ni ya haraka na inaonea wachache. Inapima zaidi kasi kuliko kujiongoza, hivyo anayetumia fenobabito kwa kifafa anaweza kuangukia chini ya 10 kwa sababu ya dawa tu. Andika dawa, dozi na saa aliyomeza juu ya fomu. 3 kati ya 5.

Watoto wana vyao, na hapa usitumie kipimo cha mtu mzima kilichofupishwa. Mchezo wa kadi wa Philip Zelazo unatosha kwa miaka 3 hadi 5, na unatengenezwa kwa manila na rangi. Masanduku mawili, moja limebandikwa kuku wa bluu, jingine boga jekundu. Kadi za kupanga ni kuku wekundu na maboga ya bluu, ili kila kadi ifanane na sanduku moja kwa rangi na jingine kwa umbo. Ukikosea hapo mchezo hauna maana. Kadi 6 kwa rangi, kisha bila kupumzika kadi 6 kwa umbo. Kabla ya kila kadi rudia kanuni na umpe kadi ukiitaja, na usimwambie amepata wala amekosa. Kupata 5 kati ya 6 baada ya kuhama ni kufaulu. Mtoto wa miaka 3 atakwambia kanuni mpya vizuri kwa mdomo, na mkono wake utaendelea na ya zamani. Ndivyo ilivyo kwa umri huo, usimwandikie ugonjwa. Hakikisha kwanza anazijua rangi hizo mbili. Kwa miaka 4 hadi 8 ongeza mchezo wa kinyume: ukisema gusa kichwa, aguse vidole vya miguu. Alama 2 akipatia, 1 akianza vibaya akajirekebisha, 0 akikosea. Hauna gharama, watoto wanaupenda, 5 kati ya 5.

Kifaa kimoja tunachopendekeza kila kituo kiwe nacho ni ubao wa Corsi, wa kupima kushika jambo kichwani, na fundi seremala yeyote ataufanya. Vipande tisa vya mbao vya sentimita 3 kila upande, vimegundishwa bila mpangilio wa mistari juu ya ubao wa kama sentimita 23 kwa 21, vyote rangi moja. Namba 1 hadi 9 ziandikwe upande unaomwelekea mpimaji peke yake. Unagusa vipande viwili kwa mwendo wa kimoja kila sekunde, mgonjwa anarudia. Unaongeza mpaka anakosa majaribio yote mawili ya urefu uleule. Kisha mnarudia kwa kinyumenyume, na hapo ndipo ubongo unafanya kazi. Ubao huu unakuokoa na namba za kutaja kinyume. Namba zetu zote kuanzia moja hadi tisa zina silabi mbili, na maneno marefu hushikika machache kichwani, kwa hiyo viwango vya Kiingereza havimfai Mtanzania. Seremala asipake vanishi inayong'aa. Mwanga wa dirishani unaficha kipande.

Vipimo vya kompyuta kibao tunavipa 2. Hupima muda kwa usahihi ambao mkono hauwezi, na kwa vijana wa chuo ni sawa. Kwa mkulima, kidole kikavu chenye sugu hakisomeki vizuri kwenye kioo, anabonyeza mara tatu, na mashine inaandika kuwa ni mzito wa kufikiri.

Chochote utakachochagua, macho na masikio kwanza. Kongwa imefanyiwa tafiti za trakoma kwa miongo kadhaa, na haikuwa bure. Chati ya E ukutani kabla ya fomu yoyote, na miwani ya kusomea mezani. Ndugu asiwe mkalimani. Binti atamsaidia mama yake kwa nia njema, ataongeza neno la Kigogo linalofungua jibu, nawe hutajua. Usiite mtihani, ita mazoezi. Wazee wengi hunyamaza wakihofia kuaibika mbele ya watoto wao, na kimya hicho kwenye fomu kinafanana sana na ugonjwa.

Ukimpima tena, usitumie karatasi ileile. MoCA ina matoleo matatu, 8.1, 8.2 na 8.3, yapokezane. FAB haina toleo la pili, na kugonga kukishazoeleka kunakuwa rahisi. Mtu aliyepanda alama 2 ndani ya wiki chache huenda amejifunza mchezo tu. Kwa Corsi tengeneza mifululizo mipya. Njiti zibadilishwe umbo, idadi ibaki nne.